Handaki ni kisima kilicholazwa

Ukichimba kisima karibu na cha jirani, kisha ukakizidisha kina, hazipiti siku nyingi kabla jirani hajaja kukuuliza mbona ndoo yake siku hizi inapanda na tope. Hukumwibia. Maji yaliyo chini ya viwanja vyenu ni mamoja, nayo yamekimbilia palipo chini zaidi. Anayelijua jambo hilo ameshapata nusu ya maarifa ya kuelewa mahandaki yanavyoathiri mazingira. Handaki linalopita ndani ya mwamba ni kisima kilicholazwa. Urefu wake ni kilomita kadhaa, pengine liko mamia ya mita chini ya kilele, hakuna anayeteka humo, na maji yakishaipata njia huingia usiku na mchana, masika na kiangazi.

Mradi wa handaki unapotangazwa, wengi huwazia mishindo ya baruti, vumbi, malori na wanyama wanaokimbia makao yao. Yote hayo yapo na yanaumiza. Ila baruti ina siku yake ya mwisho. Mkandarasi akifungasha vyombo vyake huacha nyuma vitu viwili ambavyo haondoki navyo: maji yaliyobadili njia na kilima kipya cha kifusi. Nitakaa zaidi kwenye maji, kwa sababu ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko yote, na ndiyo yaliyotia aibu miradi mikubwa hata katika nchi zenye wahandisi wa kutosha na fedha za kutosha.

Maji hukaa wapi ndani ya jiwe

Chukua kipande cha itale ukipasue kwa nyundo: ndani ni kikavu. Mlima mzima wa itale, hata hivyo, una maji, kwa sababu haukuumbwa kama kipande kimoja. Una nyufa nyembamba kama unywele, una mipasuko mipana iliyojaa mawe yaliyosagika, na nyingi kati ya hizo zimeungana kama mishipa. Mvua inaponyesha, sehemu yake huzama taratibu, nyufa hujaa mpaka kimo fulani, na pale mteremko wa mlima unapokutana na kimo hicho, maji hutoka nje. Hiyo ndiyo chemchemi. Miamba ya volkano, kama ile ya nyanda za juu za Kenya au ya Meru na Kilimanjaro, ina tabia yake: matabaka ya lava yamelaliana na majivu na udongo wa kale, na maji hupenya katikati yake kama yanavyopenya kati ya mikeka iliyopangwa. Mawe ya chokaa ndiyo yenye hila kuliko yote, maana maji yameyala kwa maelfu ya miaka yakaacha mapango na mifereji isiyoonekana juu.

Handaki likikata ufa uliojaa, maji humiminika ndani. Kimo cha maji mlimani hushuka, chemchemi iliyoachwa juu ya kimo kipya hukauka, na kijito kilichoitegemea hupungua. Masika huenda mtu asitambue. Kiangazi ndipo mambo huonekana, kwa sababu wakati huo mto hauna kingine cha kuulisha ila maji ya ardhini.

Kinachowachanganya watu, na wakati mwingine hata mahakama, ni kwamba madhara hayafuati mstari wa handaki kwenye ramani. Ufa mmoja mrefu waweza kukausha chemchemi iliyo kilomita mbili kando, huku kisima kilicho juu kabisa ya handaki kikibaki salama kwa kuwa kinalishwa na ufa mwingine. Mkulima wa mbali akilalamika huonekana anatafuta fidia ya bure. Huenda ndiye anayesema kweli kuliko wote.

Kwa nini basi handaki lisizibwe tu, likawa kavu kama mtungi? Kwa sababu maji ya kina kirefu yana nguvu ya kutisha. Kila mita 100 za maji yaliyosimama juu ya handaki huongeza mkandamizo wa takriban kilo 10 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Kwenye kina cha mita 500 ni kilo 50 juu ya sehemu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na hivyo kila mahali, kilomita baada ya kilomita. Ukuta wa zege wa kuzuia nguvu hiyo ni mnene na ghali mno. Ndiyo maana mahandaki mengi ya kina kirefu hujengwa yakiwa na mitaro ya kupokea maji na kuyatoa nje daima. Mhandisi akisema handaki lake "limedhibitiwa maji", inafaa aulizwe: maji yamezuiwa yabaki mlimani, au yamepewa njia nzuri ya kuondoka? Kwa abiria wa treni hakuna tofauti. Kwa mwenye chemchemi, tofauti ni kubwa.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Maji yaliyobanwa ndani ya nyufa yana mkandamizo, na mkandamizo huo hubeba sehemu ya uzito wa mlima. Yakiondoka, nyufa hujifumba, mwamba hujibana, na ardhi iliyo juu hutitia.

Uswisi ililiona hilo mwaka 1978. Bwawa la Zeuzier, ukuta wa zege wenye umbo la upinde na kimo cha mita 156, lilikuwa limesimama kama miaka 20 bila tatizo. Ghafla vipimo vyake vikaanza kuonyesha kwamba ukuta unasogea kinyume na kawaida yake. Hapakuwa na tetemeko wala mafuriko. Kilichokuwapo ni handaki dogo la uchunguzi, lililokuwa likichimbwa umbali wa kama kilomita moja na nusu na mamia ya mita chini ya bwawa, kwa ajili ya barabara iliyopangwa ya Rawil. Kumbe handaki lilikuwa linaunyonya mlima. Bonde likatitia kwa zaidi ya sentimita 10, kingo zake mbili zikasogeleana, ukuta ukaingia nyufa. Ikabidi ziwa litolewe maji, na matengenezo yakachukua miaka. Barabara yenyewe haikujengwa.

Waswisi hawakusahau. Handaki la reli la Gotthard, lenye kilomita 57, lilipopangwa kupita karibu na mabwawa matatu ya milimani, yaani Nalps, Curnera na Santa Maria, mabonde hayo yaliwekewa vifaa vya kupima mwendo wa ardhi mwaka mzima, hata wakati wa theluji nzito. Nyufa zenye maji zilizibwa kwa saruji kila zilipotishia. Ardhi ilishuka sentimita kadhaa, mabwawa yakabaki salama, na handaki likafunguliwa mwaka 2016. Hakuna aliyesema mlima hautatikisika. Walichofanya ni kujua mapema utasogea kiasi gani na kuutazama kila siku.

Hallandsås

Kama kuna mradi mmoja ambao kila anayeamua juu ya mahandaki angepaswa kuusoma hadi aukariri, ni huu wa kusini magharibi mwa Uswidi. Hallandsås ni mgongo wa mlima usio mrefu sana, wenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi kando yake. Reli ya kati ya Göteborg na Malmö ilikuwa ikiupanda kwa kona na mwinuko, na treni zikalazimika kwenda polepole. Mwaka 1992 kazi ya kutoboa handaki la kilomita 8.7 ikaanza, ikitarajiwa kumalizika katikati ya miaka ya tisini.

Mashine ya kwanza ya kuchimba ilikwama baada ya mita chache. Mwamba ulikuwa umesagika na kulowa kiasi kwamba mashine haikupata mahali pagumu pa kujishikiza ili isukume mbele. Mkandarasi wa kwanza akaondoka kazini. Wa pili akaendelea kwa kekee na baruti, maji yakazidi kuingia, na visima vya wenyeji vikaanza kushuka. Mradi ulikuwa na kibali kilichotaja kiwango cha maji yanayoruhusiwa kutoka mlimani, na kiwango hicho kilikuwa kinavukwa. Saruji ya kawaida haikuweza kuziba nyufa zile.

Ndipo mwaka 1997 ikaletwa dawa ya kuziba iitwayo Rhoca-Gil. Ndani yake mlikuwa na akrilamaidi, kemikali ambayo ikishaganda na kuwa kama mpira haina hatari kubwa, lakini ikiwa bado majimaji ni sumu ya mishipa ya fahamu. Zilidungwa mwambani takriban tani 1,400. Dawa hiyo ilitengenezwa igande upesi. Ndani ya Hallandsås ilikutana na maji baridi yanayokwenda kasi, na sehemu yake ikachuruzika kabla haijaganda, ikatoka na maji ya handaki hadi kwenye kijito. Samaki wakafa. Ng'ombe walioinywa wakashindwa kusimama. Wafanyakazi wa handakini wakaanza kusikia ganzi mikononi na miguuni. Oktoba 1997 kazi ikasimamishwa, maziwa yakamwagwa, na mazao ya wakulima waliokuwa hawana hatia yoyote yakakosa mnunuzi.

Ninaomba msomaji asilipite tukio hili haraka. Sumu haikuletwa na watu waliopuuza maji. Ililetwa ili kuyazuia maji, baada ya mwamba kuwa umeshafunguliwa na muda kuwa umeshakwisha. Kosa lilikuwa limefanyika miaka mitano nyuma, mlima ulipoanza kutobolewa kwa haraka iliyotangulia maarifa. Tangu hapo kila hatua ilikuwa ya kutafuta namna ya kutoka kwenye shimo ambalo mradi ulijiingiza wenyewe.

Tukio hilo lina mkia mmoja unaofika hadi mezani kwetu. Watafiti wa Stockholm walipopima damu ya wafanyakazi wa handaki walihitaji pia damu ya watu wasiohusika ili walinganishe. Ajabu ni kwamba hata hao wasiohusika walikuwa na dalili za akrilamaidi mwilini. Baada ya kulifuatilia jambo hilo, mwaka 2002 ilitangazwa kwamba kemikali hiyo hujitengeneza yenyewe katika vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Ushauri unaotolewa leo kwamba chipsi zisikaangwe hadi ziwe kahawia iliyokolea ulianzia kwenye handaki lililovuja.

Kazi ya Hallandsås ilianza tena miaka kadhaa baadaye, safari hii kwa mashine yenye ngao iliyofungwa, ambayo kila iliposonga ilipanga nyuma yake pete za zege zenye mpira wa kuzuia maji kwenye maungio. Sehemu moja mbovu iligandishwa hadi maji ya ndani ya mwamba yakawa barafu, ndipo ikapitika. Mahakama ya mazingira iliweka ukomo: maji yanayotoka yasizidi lita 100 kwa sekunde. Treni zilianza kupita Desemba 2015. Makadirio ya mwanzo yalikuwa karibu bilioni 1 za kronor, fedha ya Uswidi. Gharama ya mwisho ilizidi bilioni 10.

Miaka hiyohiyo, nchi jirani ya Norwei ilikuwa ikitoboa handaki la Romeriksporten, kilomita 14.6, kwa ajili ya treni za uwanja wa ndege wa Oslo. Juu yake kuna msitu wa Østmarka ambao watu wa jiji huupenda kwa matembezi, wenye maziwa madogo na vinamasi. Mwaka 1997 kimo cha maji katika baadhi ya maziwa hayo kikaanza kushuka. Nyumba zilizojengwa juu ya udongo mfinyanzi zikapata nyufa, kwa sababu mfinyanzi ukipoteza maji hujikunja kama sponji inayokauka. Ikabidi handaki lizibwe upya kutoka ndani na maji yapampiwe kurudi mwambani. Huko nako ile dawa ya Rhoca-Gil ilitumika. Reli ilipofunguliwa mwaka 1998 handaki lilikuwa bado halijawa tayari. Lilianza kutumika mwaka uliofuata.

Murang'a: maswali mawili yaliyofanywa moja

Hapa kwetu mjadala mkubwa zaidi wa aina hii ulihusu handaki la maji la Kaunti ya Murang'a, linalojulikana kama Northern Collector. Lina urefu wa kilomita 11.8, limetobolewa kwenye miamba ya volkano ya miteremko ya Aberdare, na linachota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka upande wa bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo hulisha sehemu kubwa ya mabomba ya Nairobi. Uwezo wake ni mita za ujazo 140,000 kwa siku. Mwaka 2015 Raila Odinga, wakati huo akiwa kiongozi wa upinzani, alionya hadharani kwamba Murang'a ingegeuka jangwa na kwamba walio chini ya mto Tana wangeumia. Serikali ikajibu kwamba handaki litachota maji ya mafuriko tu.

Walioshangilia onyo na walioshangilia jibu hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo wananchi walipopotezwa.

Swali la kwanza ni la mto: mdomo wa handaki unachukua kiasi gani, na unaacha kiasi gani kipite kwa ajili ya samaki, mashamba na watu wa chini? Hilo hujibiwa kwa ujenzi wa mahali pa kuchotea. Ukijengwa ili mtiririko wa kawaida upite kwanza, na handaki lipate kile tu kinachozidi, basi kiangazi litakuwa tupu au karibu na tupu. Jibu la "mafuriko tu" ni jibu la swali hili, na ni jibu linaloweza kukaguliwa: kimo cha kizingiti kinapimika, na kiasi kinachopita kinapimika kila siku.

Swali la pili ni la mwamba. Kati ya mto na mto, handaki linapita chini ya vilima vyenye chai, migomba na chemchemi. Je, huko njiani linanyonya? Jibu la mafuriko haligusi hapa hata kidogo. Handaki laweza kuwa na adabu kamili mtoni na bado likakausha chemchemi ya bondeni, kama kuta zake hazikuzibwa. Vilevile laweza kuzibwa vizuri njia nzima, lakini mtu mwenye ufunguo wa lango akaamua kuchota kupita kiasi mwaka wa ukame, Nairobi inapolia kiu. Ni hatari mbili, zina dawa mbili, na zinahitaji wakaguzi wa aina mbili. Kuziweka kwenye gunia moja kuliwafanya watu wachague upande wa siasa badala ya kudai takwimu.

Na walio mbali wana haki yao katika swali hilo la kwanza. Maragua, Gikigie na Irati zote huishia Tana, na Tana ndiyo uhai wa Garissa, wa mashamba ya Wapokomo, wa malisho ya Waorma na wa delta yote hadi baharini.

Kifusi na maji machafu yake

Mwamba ukivunjwa huvimba. Mita moja ya ujazo iliyokuwa imeshikamana huwa mita moja na nusu au zaidi ikishapasuliwa vipande. Tufanye hesabu ya handaki la kawaida la reli lenye mkato wa mita za mraba 60. Kilomita moja tu hutoa mita za ujazo 60,000, ambazo zikivunjwa huwa kama 96,000. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 12, hizo ni safari 8,000 kwenda na tupu kurudi, kupitia barabara ya kijiji. Gotthard ilitoa tani milioni 28.2. Sehemu ya mawe hayo ilisagwa ikawa kokoto za zege la handaki lenyewe, na nyingine ilitumika kuunda visiwa vidogo katika Ziwa Uri, ambavyo leo ni makao ya ndege na mahali pa watu kuogelea. Haya hayakuja kwa bahati. Yalipangwa kabla, kwa kupima mwamba kuona upi unafaa kwa zege na upi haufai. Pasipopangwa, kifusi huishia kwenye korongo la karibu, na korongo ndilo njia ya maji ya mvua.

Ubaya wa kifusi haumalizwi na wingi wake. Kila mita ya ujazo ya mwamba hulipuliwa kwa kilo moja au mbili za baruti, wakati mwingine zaidi, na baruti ya siku hizi hutegemea amonia naitreti, jamaa wa karibu wa mbolea ya dukani. Sio yote inayolipuka. Mabaki hushikamana na mawe na kuyeyuka kwenye maji. Wakati huohuo maji ya handakini hupita kwenye saruji mbichi na kuwa makali kama ya sabuni ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi ambacho kwa maji safi huwa karibu 7, ikifika 11 au 12. Mambo haya mawili yakikutana ndipo hatari inapozaliwa: katika maji makali kiasi hicho, amonia ya mbolea hugeuka kuwa amonia ya gesi iliyoyeyuka, ambayo hata kidogo huua samaki. Dawa yake inajulikana na si ya ajabu. Maji yote ya handaki yapitishwe kwenye mabwawa ya kutulizia tope, yapunguzwe ukali kwa asidi au kwa gesi ya kaboni, yapimwe, ndipo yaachiwe mtoni. Mradi usio na mabwawa hayo mlangoni mwa handaki, hata mtu asiye mtaalamu anaweza kuuona kwa macho akipita barabarani.

Tope lenyewe pia lina lake. Mwamba uliolipuliwa hutoa chembe kali zenye ncha, tofauti na mchanga wa mto ambao umesuguliwa kwa karne nyingi, na chembe hizo huchubua matamvua ya samaki. Baadhi ya miamba ina madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na mvua hutengeneza asidi inayotiririka kwa miaka mingi. Karibu na Oslo kuna mwamba mweusi wa namna hiyo wenye urani pia, na hauruhusiwi kumwagwa popote ila kwenye majalala maalumu. Norwei imejifunza jingine ambalo hakuna aliyelifikiria zamani. Kifusi kilipotumika kujazia bahari, fukwe zilijaa vipande vya mirija ya plastiki ya kuwashia baruti na nyuzi za plastiki zilizochanganywa kwenye zege la kupuliza ukutani.

Na wachimbaji wenyewe ni sehemu ya mazingira, ingawa ripoti nyingi huwaweka sura tofauti. Miaka ya 1930 na 1931, huko West Virginia nchini Marekani, handaki la Hawks Nest lilitobolewa katika mwamba wenye silika nyingi, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu, kwa kekee kavu, bila maji ya kutuliza vumbi. Wengi wa wafanyakazi walikuwa Weusi waliotoka kusini kutafuta riziki. Vumbi likawaganda mapafuni. Kikao cha Bunge la Marekani kilitaja vifo 476. Maji kidogo kwenye ncha ya kekee yangeokoa wengi wao.

Haki ya upande wa pili

Ningekuwa mdanganyifu kama ningeishia hapo. Handaki laweza kuwa rafiki wa mazingira kuliko barabara iliyokatwa ubavuni mwa mlima. Msitu wa juu hubaki, wanyama huvuka bila kugongwa, na mteremko hauachwi wazi kumomonyoka kila masika. Reli ya zamani ya Tanzania kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yameing'oa mara nyingi kiasi kwamba kuikarabati limekuwa jambo la kila mara. Reli mpya ya kisasa imetobolewa mahandaki manne katika vilima vya Kilosa, jumla ya takriban kilomita 2.7, na treni zake hazigombei tena nafasi na mto kama zile za zamani. Ipo pia hesabu ya kaboni: saruji pekee huchangia kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani, na handaki hula saruji nyingi. Lakini treni ya umeme inayopita humo kwa miaka 100 na kuondoa malori barabarani inaweza kulilipa deni hilo. Hutegemea ni wangapi watakaoitumia kweli.

Kwa hiyo sisemi milima isitobolewe. Ninachodai ni mpangilio wa kazi. Kwanza chemchemi, visima na vijito vyote vya eneo pana vipimwe kwa angalau mwaka mzima, masika na kiangazi, kabla ya mlipuko wa kwanza. Kisha, wakati wa kuchimba, kekee itangulie mbele ya uso wa handaki kwa mita 20 au zaidi kunusa maji, na saruji idungwe kwa nguvu kwenye nyufa kabla mwamba haujafunguliwa, ili baruti ilipuke ndani ya pete iliyokwishazibwa. Kuziba baada ya maji kuanza kumiminika ni kazi ya kukatisha tamaa, kwa sababu saruji husombwa kabla haijashika. Hallandsås inatosha kwa ushahidi. Na ukomo wa maji uandikwe kwa tarakimu kwenye mkataba. Norwei huandika lita ngapi kwa dakika kwa kila mita 100 za handaki, na chini ya maeneo nyeti tarakimu hiyo huwa ndogo sana, lita chache tu. Kinachoandikwa kwa maneno kama "kupunguza athari kadiri iwezekanavyo" hakimfungi mtu yeyote.

Kuhusu vipimo vya mwanzo, wanakijiji hawana sababu ya kumngoja mtaalamu. Mradi ukisikika kwenye redio, mwenye chemchemi achukue ndoo ya lita 20, ayaelekeze maji yote ndani yake kwa kipande cha bomba au gome la mgomba, na ahesabu sekunde kwa simu yake mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Aandike tarehe, sekunde, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo; apige picha ndoo ikiwa mahali palepale; arudie kila Jumamosi. Daftari lenye miezi 18 ya namba za namna hiyo, lililoanza kabla mashine hazijafika, akiliweka mezani siku ya kikao cha wananchi na wakaguzi wa mazingira, watalazimika kulijibu kwa namba.